Kutoka Gulwe Hadi Kilakala

Akina mama wa Mpwapwa waliosoma Kilakala wanapokutana, huulizana mapema: ulimaliza ikiwa bado Marian, au ilishakuwa Kilakala? Jibu likishatoka, inajulikana nani wa kuamkia na nani wa kuamkiwa.

Shule ni ile ile, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Masista wa Maryknoll kutoka Marekani waliianzisha miaka ya 1950 kwa jina la Marian College, wakati sekondari za wasichana Tanganyika zilikuwa za kuhesabika. Gertrude Mongella aliondoka kisiwani Ukerewe akiwa na miaka 12 kwenda kusoma kwa masista hao. Mwaka 1995 yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake kule Beijing.

Mpwapwa ilikuwa nje ya mkondo huo. Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS waliweka kituo hapa tangu miaka ya 1870, kwenye njia ya misafara ya kwenda bara, na enzi za shule za misheni dhehebu la mzazi lilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua mtoto asome wapi. Binti wa Kigogo aliyebatizwa kwa Waanglikana hakuwa na sababu ya kuiwazia shule ya masista wa Kikatoliki.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilibadili hesabu hiyo. Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini: Marian ikawa Kilakala, Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru, Rosary ya Mwanza ikawa Nganza. Msichana wa Kibakwe au Mima aliyefaulu darasa la saba akawa anasubiri kupangiwa shule, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu.

Akishapangiwa Morogoro, safari ilianzia stesheni ya Gulwe. Tranka la bati lenye jina lililoandikwa kwa rangi, ndani yake shuka, sabuni ya mche na karanga za kukaanga. Waranti ya treni mkononi, mama pembeni akirudia wosia ule ule. Masika yalikuwa na kisa chake. Kati ya Gulwe na Kilosa reli inaandamana na mto, na mafuriko ya Mkondoa yamekata njia hiyo mara nyingi. Hapo mwanafunzi hana la kufanya ila kungoja.

Shuleni, utaratibu wa masista haukutaifishwa. Kengele ya alfajiri, kitanda kilichonyooshwa bila mkunjo, prepu ya usiku isiyo na mnong'ono: vyote vilibaki, vikaongezewa jembe la Elimu ya Kujitegemea, sera aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967.

Katika kukumbushana, masista husifiwa sana, na wanastahili. Lakini ni haki pia kuitaja serikali iliyolipa nauli na chakula cha mtoto wa mkulima wa mtama, ikamlaza bweni moja na mtoto wa ofisa. Bila uamuzi ule, wengi wa akina mama hawa wasingefika Kilakala kabisa.

Anne Makinda naye alipita Kilakala. Novemba 2010, mjini Dodoma, Bunge lilimchagua kuwa Spika wa kwanza mwanamke nchini. Leo shule hiyo ni ya vipaji maalumu, na binti wa Mpwapwa anayeitaka lazima awe miongoni mwa waliofaulu vizuri zaidi nchi nzima.