Wizi wa mabavu: Shtaka la kifo ambalo wengi hulijibu bila wakili

Wengi wa wafungwa waliowahi kuhukumiwa kunyongwa nchini Kenya walitiwa hatiani kwa mojawapo ya makosa mawili: mauaji au wizi wa mabavu. Adhabu iliyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu ni moja. Lakini njia ya kuifikia adhabu hiyo imekuwa tofauti kama mbingu na ardhi.

Kesi ya mauaji husikizwa na jaji katika Mahakama Kuu. Mshtakiwa asiye na uwezo wa kulipa wakili huteuliwa mmoja na mahakama, naye hulipwa na serikali. Malipo hayo yamekuwa haba, na mara nyingi kazi hiyo iliachiwa mawakili chipukizi, lakini angalau palikuwa na mtu aliyesomea sheria upande wa mshtakiwa. Kesi ya wizi wa mabavu, kwa upande mwingine, husikizwa na hakimu. Huko, kwa miaka mingi, serikali haikumpa mshtakiwa wakili yeyote. Tofauti hiyo ilitokana na jengo ambamo kesi ilisikizwa, wala si uzito wa adhabu.

Anayesikia jina la kosa hili hudhani ni uvamizi wa benki kwa bunduki. Sheria ni pana zaidi. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataja hali tatu: mwizi awe amejihami kwa silaha ya hatari, au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au awe amemjeruhi au kumpiga mtu wakati wa wizi huo. Hali moja kati ya hizo yatosha. Vijana wawili wanaompokonya mpita njia simu kwa nguvu gizani wanaweza kushtakiwa chini ya kifungu hicho hicho kinachomhusu jambazi sugu mwenye bastola. Wizi wa kutumia nguvu usio na hali hizo una adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 14. Kati ya miaka 14 na kitanzi, basi, kuna tofauti ya maelezo machache katika karatasi ya mashtaka, na anayeiandaa karatasi hiyo si mshtakiwa.

Ndani ya mahakama ndimo pengo la wakili linapoonekana. Kesi nyingi za aina hii hutegemea utambulisho: shahidi anasema alimwona mshtakiwa usiku, kwa mwanga wa taa ya barabarani au ya nyumba ya jirani. Wakili angeuliza taa ilikuwa umbali gani, tukio lilichukua muda gani, shahidi aliwapa polisi maelezo gani ya sura ya mwizi siku ya kwanza, na gwaride la utambulisho liliendeshwa vipi. Mshtakiwa asiye na mafunzo ya sheria hayajui maswali hayo. Anapoambiwa amhoji shahidi, aghalabu huanza kujieleza: kwamba siku hiyo hakuwepo, kwamba alikamatwa kwa makosa. Hakimu humkatiza na kumweleza kuwa zamu yake ya kujitetea haijafika. Mshtakiwa hunyamaza, na ushahidi ulio mzito kuliko wote dhidi yake hupita bila kuguswa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Anayejua lugha ya mama pekee hutegemea karani amtafsirie. Hata pale shahidi anapozungumza Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu chumbani, aghalabu hakimu huiandika kumbukumbu kwa Kiingereza, na ni kumbukumbu hiyo ambayo mshtakiwa atalazimika kuitumia akikata rufaa.

Upande wa mashtaka, kwa muda mrefu, uliendeshwa na polisi. Sheria ilitaka afisa huyo awe na cheo kisichopungua inspekta msaidizi. Mnamo 2003, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kesi iliyoendeshwa na koplo ilikuwa batili. Uamuzi huo uliwafungulia mlango wafungwa wengine ambao kesi zao zilikuwa na dosari kama hiyo. Ajabu ni kwamba cheo cha kiongozi wa mashtaka kiliweza kuibatilisha kesi nzima, ilhali mtu kukabili kitanzi bila wakili hakukuhesabiwa kuwa dosari.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Katiba ya 2010. Kabla ya hapo, aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu hakuruhusiwa dhamana kamwe. Alikaa rumande hadi kesi iishe. Katiba ilitoa haki ya dhamana kwa kila aliyekamatwa, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Kifungu cha 50 nacho kikasema mshtakiwa apewe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, apate mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama, na apewe wakili kwa gharama ya serikali endapo bila wakili dhuluma kubwa ingetokea. Tena ni lazima aelezwe mara moja kwamba ana haki hiyo.

Maneno "dhuluma kubwa" ndiyo yaliyozua ubishi. Mwaka 2011, Mahakama ya Rufaa ilisema mtu anayeshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo ana haki ya wakili anayelipwa na serikali. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa haki hiyo haimfikii kila mshtakiwa moja kwa moja. Huangaliwa uzito wa kosa na adhabu, ugumu wa kesi na uwezo wa mshtakiwa kujitetea au kulipa. Katikati ya maamuzi hayo, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Sheria hiyo inaitwika mahakama wajibu wa kumfahamisha mshtakiwa asiye na wakili kuhusu haki yake, na kuijulisha Huduma hiyo pale dhuluma inapohofiwa. Sheria ni nzuri. Tatizo ni fedha na mawakili wa kuitekeleza katika mahakama za hakimu zilizotapakaa kote nchini, hususan zilizo mbali na miji mikubwa.

Adhabu yenyewe imepitia misukosuko. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa mshtakiwa hunyimwa nafasi ya kuomba kupunguziwa adhabu. Wafungwa wa wizi wa mabavu walifurika mahakamani kuomba hukumu zao zitazamwe upya, na wengi walipunguziwa.

Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya lazima kwa kosa jingine, ilisema, aanzie Mahakama Kuu na kupanda ngazi. Ufafanuzi huo ulimaanisha kwamba aliyeua angeweza kusikizwa kuhusu umri wake, majuto yake na muda aliokaa rumande kabla ya adhabu kupangwa, lakini aliyepora bila kuua hakuweza kuutegemea uamuzi wa 2017 ili asikizwe vivyo hivyo.

Kwa aliye kizimbani sasa, hatua muhimu ni ya siku ya kwanza. Mshtakiwa anaweza kuomba wakili wa serikali papo hapo, na kusisitiza ombi hilo liandikwe katika kumbukumbu za kesi. Akihukumiwa, sheria inampa siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu. Anayechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, kwa mfano ikiwa nakala za kesi hazikuwa zimetayarishwa. Rufaa zimewahi kufaulu, na kesi kuamriwa kuanza upya, kwa sababu hakimu hakumweleza mshtakiwa haki yake ya kuwa na wakili.