MJUKUU WA KIWANUKA: MPIRA NA KITABU PAMOJA

Kijiweni kwetu kuna ubishi usioisha: kijana achague mpira au kitabu? Leo naleta mfano wa jirani zetu: Mathias Kiwanuka.

Jina hilo wazee wa Kagera wanalijua. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu. Septemba 1972 watu wa Idi Amin walimkamata mahakamani Kampala, akauawa. Ni Amin huyo huyo ambaye jeshi lake lilituvamia Oktoba 1978.

Mathias ni mjukuu wake. Wazazi wake Waganda, yeye kazaliwa Indianapolis, Marekani, 1983. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai. Kule hutoki sekondari moja kwa moja kwenda NFL, ligi ya kulipwa. Lazima ipite miaka mitatu, na wengi huipitisha chuo kikuu. Ukifeli masomo, hupangwi!

Jamaa alisoma Boston College, chuo cha Wajesuiti. Akaweka rekodi ya chuo kwa kumwangusha mrusha mpira wa wapinzani mara 37.5. Hiyo nusu si makosa ya kuchapa: mkimwangusha wawili, mnagawana.

2006 New York Giants wakamchukua, chaguo la 32. Haikuwa mteremko. Novemba 26 mwaka huo, dhidi ya Tennessee, alimkamata Vince Young mechi ikielekea mwisho, halafu akamwachia! Alidhani mpira umesharushwa, akaogopa adhabu. Giants waliokuwa wanaongoza 21-0 wakalala 24-21. 2007 akavunjika mguu, timu ikachukua Super Bowl ya Februari 2008 yeye akiwa majeruhi. Hakukata tamaa. Februari 2012 alikuwa uwanjani, Giants 21, Patriots 17. Fainali ilichezwa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa! Alicheza Giants hadi msimu wa 2014.

Kwa nini naandika haya? Mimi niliacha shule kidato cha tatu nikifuata mpira. Goti likagoma, nikabaki sina mpira wala cheti. Mfupa wa Mathias nao ulivunjika, lakini miaka yake ya chuo haikuvunjika. Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hapa, usikubali kuchagua kimoja. Beba vyote viwili.

Wadau mnasemaje?