Kambi Kwenye Njia ya Kiboko

Burundi hakuna dubu. Wanaopiga mahema katika misitu ya Canada au Alaska hutundika chakula chao juu ya mti, mbali na wanapolala, ili mnyama huyo asifuate harufu. Bujumbura, mji wa Burundi ulio kando ya ziwa Tanganyika, ujuzi huo hauna kazi. Anayelala karibu na maji hapa huwa na wawili wa kuwahofia: mamba, ambaye Warundi humwita ingona, na kiboko, yaani imvubu. Wa kwanza hukufuata ili akule. Wa pili hana haja na nyama yako, ila ukimkingia njia ya kurudi majini hatakuuliza ulikuwa unakwenda wapi.

Hata wapelelezi David Livingstone na Henry Morton Stanley walilala kando ya maji haya. Novemba 1871 walitoka Ujiji, mji wa ufukweni mwa ziwa hilo, wakipanda kaskazini kwa mtumbwi walioazima kwa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa mji huo. Walitaka kumaliza ubishi uliokuwa ukiwasumbua wanajiografia wa Ulaya: je, mto Ruzizi unatoka ziwa Tanganyika kuelekea Nile, au unaingia? Baadhi ya wenyeji walikuwa na jibu tayari. Mwaka 1858, wapelelezi wenzao Burton na Speke walipofika Uvira, kaskazini mwa ziwa, walikwisha kuambiwa kwamba unaingia. Lakini jambo lililosemwa na wenyeji lilihesabiwa uvumi mpaka Mzungu akalione kwa macho yake.

Mchana walipiga makasia, usiku wakavuta mtumbwi ufukweni na kupiga kambi. Huko Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura ya leo, walilala siku mbili, na jiwe kubwa lenye majina yao lingali pale likipigwa picha na watalii. Walipoingia kwenye delta ya Ruzizi walikuta mamba tele katika matete, na mkondo ukiwasukuma nyuma. Mto ulikuwa unaingia, kama walivyosema watu wa Uvira.

Ziwa waliloliona halikuwa hili la leo. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na wakati ule mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Maji yalizidi kupanda hadi yakauvunja mnamo 1878. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10, likaacha wazi tambarare nyeusi, laini, yenye nyasi nzuri. Viboko waliipenda mapema. Wajerumani nao waliipenda: kabla karne haijaisha walikuwa wamesimamisha kituo chao cha kijeshi Usumbura, ambacho Wabelgiji walikirithi katika Vita Kuu ya kwanza na ambacho uhuru wa 1962 ulikibatiza Bujumbura. Kwa hiyo sehemu za chini kabisa za mji, karibu na bandari na fukwe, zimejengwa mahali ambapo wakati wa Stanley mtu angehitaji mtumbwi.

Hapo ndipo ugomvi wa watu na viboko ulipoanzia. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia hutoka kwenda kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, kisha hurudi kabla ya mapambazuko kwa njia ileile aliyoizoea. Mtu akijenga ukuta au akilima mchicha katikati ya njia hiyo, mnyama hutafuta upenyo mwingine, na mara nyingi upenyo huo ni barabara ya lami. Ndiyo maana wakazi wa karibu na ziwa hawashangai kukutana usiku na mzigo wa tani mbili ukitembea taratibu chini ya taa za mtaa.

Mamba hutajwa kwa jina moja: Gustave. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa mpenzi wa wanyama watambaao aliyeishi Burundi miaka mingi. Mamba huyo alikadiriwa kuwa na urefu wa mita 6 na zaidi, akiwa na makovu ya risasi mwilini. Watu husema ameua watu 300. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya kwa daftari, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilipokuwa ikitupa maiti mtoni, si kila aliyepotea Ruzizi alichukuliwa na mamba. Faye na wenzake walimtegea tundu kubwa la chuma, wakaweka chambo baada ya chambo, hata mbuzi hai. Asubuhi moja baada ya dhoruba walikuta tundu limezama nusu topeni na mbuzi hayupo. Filamu yao ilionyeshwa mwaka 2004, na Hollywood ikafuata na yake, Primeval, mwaka 2007. Gustave akawa maarufu kuliko mawaziri.

Umaarufu huo umewaficha viboko, nami naona si haki. Hawana filamu, lakini ndio wanaokutana na watu kila siku: mvuvi wa samaki wa mukeke anayerudi alfajiri, mkulima wa eneo la Gatumba, mtoto aliyetumwa maji. Mbuga ya Ruzizi, iliyotengwa mwaka 1980, ipo karibu kabisa na mji, na haina uzio wa kumzuia mnyama.

Ziwa nalo halijatulia. Lilipanda sana katika miaka ya 1960, likashuka, kisha likapanda tena kuanzia 2020. Gatumba ilizama kwa maji ya Ruzizi na ya ziwa, na maelfu ya familia zikahamia kwenye mahema, nyingine huko Maramvya. Hao ndio wapiga kambi wa Burundi ya leo, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kutalii. Nyumbani walikoacha, milango ilibaki wazi, maji yakafika madirishani, na viboko wakaingia kuogelea kwenye mitaa ambako babu zao walikuwa wakila nyasi.

Mjini, jioni ikifika, wateja wa mikahawa ya ufukweni huvuta viti karibu na maji. Brochette za nyama zinafuka moshi, bia za Primus zinafunguliwa. Kati ya matete hutokea masikio mawili madogo, halafu pua inayopuliza. Simu zinainuliwa kupiga picha, huku mlinzi akichukua tochi yake na kwenda kusimama kwenye nyasi.