Habari za Ghala la Baridi
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mbulu na Hanang)

Ninyi mlioko Katesh, Dongobesh, Haydom, Basotu na kwingineko, kaeni vizuri tuanze. Mwenye daftari na alifungue. Wasaidizi wa madarasa, andikeni ubaoni neno la leo: GHALA. Chini yake andikeni la pili: BARIDI. Somo letu ni la historia, nayo ni historia ya jambo ambalo kila mkulima wa vitunguu saumu alijua vema, hata kama hajapata kulisoma kitabuni.

Jambo lenyewe ni hili. Mavuno yakifika, vitunguu saumu hujaa kila nyumba huku Mbulu. Mnunuzi huja na lori lake, naye ndiye asemaye bei. Mkulima hana pa kuweka mali yake, na ada ya shule yadaiwa, basi huuza. Miezi ikipita, mali ile ile hupanda bei katika masoko ya Arusha na Dar es Salaam, na faida humwendea yule aliyekuwa na mahali pa kuiweka. Je, watu walipataje uwezo wa kuzuia chakula kisioze? Na kwa nini uwezo huo umefika pengine mapema na pengine kwa kuchelewa?

Tuanze nyumbani. Wazee wa Kiiraqw walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, nusu yake ikiwa chini ya ardhi. Walifanya hivyo ili maadui wasizione kwa mbali, hasa wakati wa vita vya kunyang'anyana ng'ombe na Wamasai. Lakini nyumba ya namna hiyo ina faida nyingine: jua la mchana haliipashi joto upesi. Wafugaji nao, Wabarabaig na jirani zao, walikuwa na elimu ya maziwa. Kibuyu kilichofukizwa moshi hutunza maziwa kuliko chombo kisichofukizwa, na siagi ikichemshwa hata maji yakaisha huwa samli, ambayo hukaa miezi mingi. Nyama ilikatwa nyembamba ikakaushwa. Hizo zote ni njia za kushinda uozo bila barafu.

Sasa tazameni mtungi wa maji. Kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya kwenye debe? Maji kidogo hupenya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke na kwenda zake. Yakigeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo. Shikeni hapo, maana mashine kubwa za baridi zinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ndani ya mabomba yake huzungushwa kitu kigeukacho mvuke kwa urahisi, kama vile amonia. Kikigeuka mvuke huchukua joto la chumbani. Kisha mashine hukikandamiza, kikatupa joto lile nje na kuwa maji tena. Mwenye friji na apeleke mkono nyuma yake, atalisikia joto lililotolewa ndani.

Kabla ya mashine hizo, baridi ilibebwa kama mzigo. Mwaka 1833 tajiri mmoja wa Boston, Marekani, jina lake Frederic Tudor, alipeleka Calcutta, India, meli yenye tani 180 hivi za barafu iliyokatwa ziwani wakati wa baridi. Safari ilichukua miezi minne, ikipita nchi za joto kali, na bado kiasi cha tani 100 kilifika. Siri yake ilikuwa kuifunika barafu vizuri ili joto lisiingie. Unga wa mbao, ambao mafundi wetu huutupa, ulifanya kazi kubwa katika biashara hiyo.

Kisha nyama. Mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilitoka New Zealand na nyama ya kondoo karibu 5,000, ikafika London baada ya siku 98. Ilikuwa meli ya matanga, ila ndani yake mlikuwa na mashine ya kutengeneza baridi. Njiani baridi haikuenea sawasawa. Nahodha akajipenyeza mwenyewe katika njia za hewa ili azitengeneze, akaganda hata wenzake wakamvuta nje kwa kamba. Walipofungua London, ni mnyama mmoja tu aliyeonekana kuharibika. Tangu hapo mfugaji wa New Zealand alikuwa na soko upande wa pili wa dunia.

Na mfugaji wa hapa? Mwaka 1947 ilianzishwa kampuni ya Tanganyika Packers, ushirika wa Serikali na kampuni ya Liebig ya Uingereza, na kiwanda chake kikajengwa Kawe, Dar es Salaam. Kazi yake kubwa ilikuwa nyama ya kopo. Sikilizeni vizuri: nyama ya kopo haihitaji baridi njiani. Ng'ombe alikwenda pwani akiwa hai, kwa miguu na kwa gari moshi, akipungua uzito siku hata siku, na hasara ya uzito huo ilikuwa ya huku bara. Wakati huo huo, katika miaka ya 1950, watu wa Mbulu walikuwa wakihimizwa na Serikali kupunguza ng'ombe ili kuokoa ardhi. Kiwanda cha Kawe kilikwisha kufungwa; uwanja wake ungali waitwa Tanganyika Packers.

Ghala za baridi zilipoongezeka, zilifuata fedha za kigeni. Katika miaka ya 1990 viwanda vya sangara vilijengwa Mwanza na miji mingine ya Ziwa Victoria, minofu ikagandishwa na kupelekwa Ulaya. Biashara hiyo ilikuwa na hatari zake: mwaka 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa hilo, kwa kuwa baadhi ya wavuvi walitumia sumu. Baridi haikuweza kumsaidia mtu aliyepoteza mnunuzi.

Huku kwetu baridi ilikuja zaidi kwa njia ya hospitali. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1974 Shirika la Afya la Dunia lilianzisha mpango wa chanjo kwa watoto wote, na Tanzania ikaanza wake mwaka 1975. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hata kwenye mkono wa mtoto. Zikipata joto hupoteza nguvu, wala kwa macho hamtatambua. Ndiyo sababu zahanati zilipewa friji za mafuta ya taa, na baadaye za nguvu za jua. Kwa maoni yangu, kama chanjo ya surua iliweza kufika kijijini ikiwa baridi, hakuna haja ya kuambiwa kwamba njia zetu ni mbovu mno kwa mazao.

Lakini tusikimbilie. Vitunguu saumu hutaka hewa kavu kwanza. Vikikaushwa vizuri na kutundikwa penye upepo hukaa miezi kadhaa bila mashine yoyote, hasa katika nchi ya juu yenye ubaridi kama Mbulu. Katika ghala la nyuzi 0 lenye hewa kavu hukaa zaidi ya miezi 6. Viazi havipendi hivyo: chini ya nyuzi 4 huwa vitamu na kubadilika rangi vikikaangwa, tena hutaka hewa yenye unyevu. Basi ukiletwa kijijini mpango wa ghala moja kwa mazao yote, mwulizeni aliyeuleta lina vyumba vingapi. Mwulizeni pia nani atalipa umeme katika miezi ambayo ghala ni tupu.

Kazi ya nyumbani. Pimeni vitunguu saumu kilo 2. Kilo 1 itundikeni penye upepo, kilo 1 iacheni ndani ya gunia. Baada ya wiki 6 pimeni tena, mwandike tofauti daftarini, mje nayo darasani.