Sahani ya Mlimani: Historia ya Chakula cha Mtaani Pembezoni mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Hapo wanafunzi walikuwa katikati ya mji uliokwisha kuzoea kuuza chakula kilichopikwa: kulikuwa na hoteli, yaani nyumba ndogo za chai na chakula zisizolaza wageni, na kulikuwa na wachoma mihogo, wakaanga samaki, na akina mama wa Pwani walioamka alfajiri kuchoma vitumbua kwa ajili ya vibarua wa bandarini na makarani waliokwenda kazini bila kufungua kinywa. Mwaka 1964 chuo kilipohamia kwenye kilima kilichoko takriban kilomita 13 magharibi ya mji, mahali ambapo hadi leo panaitwa Mlimani, kiliuacha mji huo nyuma yake, na kwa kuwa pembeni ya kilima hicho hapakuwa na soko wala mtaa wa kutosha, ilibidi chakula nacho kipandishwe mlimani na kugawiwa na chuo chenyewe.

Mengi yameandikwa kuhusu Mlimani wa miaka hiyo ya mwanzo: mihadhara ya mwanahistoria Walter Rodney, jarida la wanafunzi la Cheche lililopigwa marufuku mwaka 1970, na mijadala ya ujamaa iliyokesha mabwenini. Ni machache mno yaliyoandikwa kuhusu walichokula waliokuwa wakijadiliana, na pengo hilo si la bahati mbaya, kwa kuwa chakula kinachokuja chenyewe mezani mara tatu kwa siku hakimshughulishi mwanahistoria, kama ambavyo hakikumshughulisha mlaji. Serikali ililipa ada, malazi na mlo, na mwanafunzi aliingia katika bwalo, yaani ukumbi wa kulia chakula kwa pamoja, akatoka ameshiba, akarudi kwenye vitabu. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu mia nne, hoja iliyotawala hasira yake ilikuwa kwamba vijana hao waliishi kwa jasho la mkulima bila kulitambua. Bwalo lilikuwa mahali ambapo deni hilo lilionekana kwa macho, ingawa hakuna aliyelipigia hesabu.

Sahani hiyo ya serikali ilianza kutikisika katikati ya miaka ya 1970. Ukame wa 1973 hadi 1975, vurugu za kuhamishia watu vijijini, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na baadaye vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, vilifuatana kwa karibu kiasi kwamba Shirika la Usagishaji la Taifa, lililokuwa limekabidhiwa biashara ya nafaka, halikuweza kujaza maghala yake kwa mazao ya ndani. Watu wa umri wa kukumbuka wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo, ambao mitaani ulipewa jina la unga wa Yanga kwa kuifuata rangi ya jezi ya timu ya soka yenye jina hilo, na foleni za sukari, sabuni na mafuta ya kupikia zilizoanza kabla ya jua kuchomoza. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe, yaani fedha ambazo serikali ilijazia ili unga uliokobolewa uuzwe kwa bei nafuu, iliondolewa, na mfanyakazi wa mjini akabaki uso kwa uso na bei ya soko. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyeuchunguza uchumi wa kaya za Dar es Salaam wa miaka hiyo, alionyesha kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mshahara ilianguka kwa zaidi ya asilimia 80, na kwamba familia ziliponea kwenye miradi, neno ambalo wakati huo lilimaanisha shughuli yoyote ndogo ya kuingiza fedha nje ya ajira: kufuga kuku, kushona nguo, kuuza barafu, kukaanga maandazi.

Mwanamke anayepika na kuuza mlo barabarani alistawi katika mazingira hayo. Alijulikana kwanza kama mama ntilie, kutokana na sauti ya mteja anayenyoosha sahani akiomba atiliwe chakula, na baadaye, watu wa serikali na wanawake wenyewe walipotaka jina lenye heshima zaidi, akaitwa mama lishe. Mtaji wake ulikuwa sufuria tatu au nne, jiko la mkaa, ndoo ya maji na benchi la mbao. Wafanyakazi wake walikuwa binti zake au ndugu aliyetoka kijijini. Wateja wake wa kwanza walikuwa mafundi, wachukuzi na madereva, si wasomi. Sheria nayo haikumpenda: Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyomtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika, ilitumika kuwakamata wachuuzi wa mjini na kuwapeleka mashambani, na wauza chakula walikuwamo katika misako hiyo. Jambo la kuchekesha, kama linaweza kuchekesha, ni kwamba miaka michache baadaye leseni nafuu iliyomruhusu mchuuzi kufanya biashara bila kukimbizwa iliitwa leseni ya nguvukazi, na akina mama wengi waliining'iniza ukutani kwa fahari.

Mama lishe alifika kwa mwanafunzi kwa njia ya bajeti. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilianza kutekeleza kwa awamu sera ya kuchangia gharama, ambayo maana yake ni kwamba mwanafunzi na mzazi wake wabebe sehemu ya mzigo uliokuwa wote wa umma, na katika awamu ya pili chakula na malazi yakahesabiwa kuwa jukumu la mwanafunzi, anayekopeshwa fedha za kujikimu badala ya kupewa mlo. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ilibadilisha kila kitu kilichouzunguka mlima. Mwanafunzi aliyekuwa akila kilichopikwa alikuwa sasa na noti mfukoni na uhuru wa kuchagua, na mwenye noti hukaribishwa kila mahali. Kafeteria za chuo zikakabidhiwa kwa wazabuni binafsi waliopaswa kupata faida, bei zikapanda, na aliyetaka kubana matumizi akagundua kwamba akitembea hadi mitaa ya jirani ya Msewe, Changanyikeni au Survey atapata wali maharage wa kushibisha kwa bei pungufu. Idadi ya wanafunzi ilipozidi vitanda vya mabwenini, wengine wakapanga vyumba katika mitaa hiyo hiyo, na hosteli ya Mabibo ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 umbali wa safari ya basi kutoka mlimani, meza za chakula zilijipanga nje ya geti lake pasipo mtu kuzialika.

Mlo wa mama lishe wa maeneo hayo una utaratibu wake, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Msingi ni mmoja kati ya vitatu: ugali, wali au ndizi za kupika. Juu yake au pembeni yake huja maharage, ambayo hayakosekani, kisha mboga ya majani, mara nyingi mchicha au matembele, halafu kitoweo kinachoamua bei, yaani nyama, samaki, dagaa au, mwezi ukiwa mchanga, kuku. Wali huungwa kwa mafuta, na nazi hutiwa pale mpishi anapotaka kujulikana kwa jambo fulani. Ndizi hupikwa pamoja na nyama kwa namna inayomridhisha Mchaga na Mhaya kwa pamoja, maana yake haimridhishi kikamilifu hata mmoja wao. Kipande cha tikitimaji au ndizi mbivu hufunga sahani. Asiyeagiza kitoweo husema wali maharage tu, na mpishi mwenye huruma humtilia mchuzi wa nyama bila kuulizwa, kwa sababu anajua tarehe ya mwezi kama anavyoijua mhasibu wa chuo.

Sahani hii haina kabila, na hapo ndipo ilipo thamani yake ya kihistoria. Chuo kilikusanya vijana wa kila mkoa, na mpishi, ambaye huenda ni Mzaramo, Mluguru au Mpare, hakuweza kumpikia kila mmoja chakula cha kwao. Akapika kile ambacho wote wangekila bila kulalamika. Makande na mtori vilibaki vyakula vya kutamaniwa, vikipatikana kwa mama fulani siku fulani. Wengi hulitaja bwalo la shule ya bweni na jeshi kuwa ndivyo vilivyowafundisha Watanzania kula pamoja, lakini ipo sababu ya kuamini kwamba benchi la mama lishe lilifanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa pale mlaji alikuja kwa hiari yake na angeweza kuondoka.

Usiku una wapishi wengine. Sufuria ni za wanawake, na mafuta ya moto ni ya vijana wa kiume: ndio wanaosimama nyuma ya makabati ya vioo yenye chipsi, ndio wanaopepea mishkaki, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyotungwa kwenye vijiti na kuchomwa juu ya mkaa. Chakula kikuu cha saa hizo ni chipsi mayai, ambacho vijana hukiita zege. Viazi vilivyokwisha kukaangwa hurudishwa katika kikaango kidogo chenye mafuta, mayai mawili yaliyopigwa humiminwa juu yake hadi yashikane, kisha mpishi hufunika kikaango kwa sahani, hukigeuza kwa mkupuo mmoja na kurudisha upande mbichi chini. Mlaji hupewa kachumbari, pilipili, sosi ya nyanya na vijiti vya meno vya kulia. Viazi hivyo hutoka kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, Njombe na Mbeya, na vilihitaji malori na barabara. Mayai yana historia ya karibu zaidi. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza nguvu, watumishi wa umma wakiwamo wahadhiri walijenga mabanda ya kuku wa mayai nyuma ya nyumba zao, na ufugaji huo ndio uliolifanya yai kuwa bidhaa ya kila siku ya jiji badala ya zawadi ya mgeni. Mhadhiri aliyeona aibu kuuza trei za mayai alikuwa, bila kukusudia, anamlisha mwanafunzi wake kwa mlango wa nyuma.

Lakini kitu muhimu kuliko vyote katika kibanda cha mama lishe wa chuoni huwa hakiko jikoni, nacho ni daftari la madeni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, hutoa fedha za chakula na malazi kwa mafungu, na fedha hizo, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilikadiriwa kwa muda mrefu kuwa shilingi 8,500 kwa siku kabla ya kupandishwa hadi 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/2023. Fungu linapochelewa, na kuchelewa kwake kumewahi kuzua migomo, mwanafunzi haachi kula, huandikwa. Jina, tarehe, wali samaki, chapati mbili. Mkopeshaji huyu hana riba wala fomu, dhamana yake ni sura ya mkopaji, na hasara yake ni wale wanaomaliza mitihani na kupanda basi bila kuaga. Hesabu yoyote ya namna elimu ya juu ilivyogharimiwa nchini baada ya 1992 inayotaja serikali, wazazi na Bodi peke yao ina safu moja iliyosahauliwa, na safu hiyo imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya madaftari yaliyolowa mafuta. Huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza kuenea nchini mwaka 2008, ilipunguza visingizio vya kutokuwa na chenji, lakini haikulifuta daftari.

Kwa upande wa mamlaka za jiji, uhusiano na wauza chakula umeenda kwa vipindi vya kufukuza na kuvumilia. Kila kipindupindu kilipozuka, kama mwaka 2015, uuzaji wa chakula kilichopikwa barabarani ulipigwa marufuku. Mwaka 2006 vibanda vilivunjwa katika operesheni kubwa, mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwaka 2021 wakapangwa upya na kuondolewa kandokando ya barabara. Pembezoni mwa Mlimani, penye njia za ndani na uzio wa nyumba za watu, makali ya amri hizi yalipungua, na akina mama wengi walihamisha meza hatua chache, wakarudi.

Mabadiliko yanayogusa kazi yao kwa sasa yako chini ya sufuria. Serikali imeamua kuondoka kwenye kuni na mkaa, ikaanza na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zilizopewa hadi Januari 2024, na mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unamlenga pia mpishi mdogo. Mitungi ya gesi imegawiwa kwa mama lishe katika hafla nyingi zenye wanasiasa na kamera. Tatizo halipo kwenye mtungi wa kwanza bali kwenye kuujaza. Mkaa hununuliwa kwa kopo au ndoo, kulingana na mauzo ya jana, ilhali gesi hutaka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, siku ambayo nusu ya mauzo ya wiki imelala ndani ya daftari ikisubiri bumu. Ndiyo maana katika vibanda vingi chai na mayai vimehamia kwenye gesi, na maharage, yanayotaka saa nyingi za moto wa polepole, yamebaki juu ya mkaa.