Kutoka Fungu la Mradi hadi Mfuko wa Mtumishi: Ulipiaji wa Shahada za Juu Uyole

Mjadala wa nani alipie elimu ya juu nchini Tanzania umejikita zaidi kwenye shahada ya kwanza. Uzamili na uzamivu vilipita njia nyingine, na Uyole, pembeni mwa Jiji la Mbeya, panaionesha njia hiyo waziwazi.

Kituo cha kilimo cha Uyole kiliendelezwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa kigeni walishika nafasi nyingi za utafiti. Ilikusudiwa Watanzania wazichukue. Kwa sababu hiyo, kumsomesha mtumishi hakukuwa hisani. Kulikuwa gharama ya kazi, sawa na trekta au maabara. Mtumishi hakuomba ufadhili kwa maana tuijuayo leo, bali alipendekezwa, akaondoka na cheo chake na kutarajiwa kukirudia. Utaratibu huo usisifiwe kupita kiasi: ambaye jina lake halikupendekezwa hakuwa na mlango wa pili wa kubisha, na mada ya utafiti ilifuata mahitaji ya mradi.

Kazi yenyewe iliendelea hata mradi ulipofifia. Mbegu za maharage Uyole 84, Uyole 94 na Uyole 96 zimebeba miaka yake katika majina. Hazisemi nani alilipia elimu ya waliozitafiti.

Miaka ya 1990 ilileta sera ya uchangiaji wa gharama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, lakini walengwa wake wakuu wamekuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yakapandisha makato ya marejesho hadi asilimia 15 ya mshahara. Hapa ndipo penye fundo: mtumishi anayetaka uzamili huanza kuutafutia ada wakati mshahara wake ungali unalipia shahada iliyotangulia. Mkopo uliomfungulia mlango wa kwanza unamchelewesha katika wa pili.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimepunguza ugumu huo kwa kumwezesha mtumishi kusoma bila kuacha kazi. Hata hivyo, anayejilipia huchagua mada kwa kupima nauli. Zamani mradi ulimchagulia. Sasa mfuko wake unamchagulia. Mwandishi amelipa ada kwa mafungu, na fungu moja lilichelewa bei ya viazi mviringo iliposhuka. Nyaraka alizozihitaji zimo katika Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kutoka Uyole. Alimudu kukaa huko siku tisa, na sura zinazofuata zimeandikwa kwa kilichopatikana katika siku hizo.