Bawabu wa Ubongo

Mtu akianguka ghafula huku kwetu Kampemba, mjini Lubumbashi, mdomo ukapinda na mkono mmoja ukafa ganzi, jamaa zake husema ni AVC, kwa Kifaransa cha hospitali, ilhali Kiswahili kina neno lake fasaha, nalo ni kiharusi. Neno ninalolitafuta leo, hata hivyo, ni la ule ukuta wa seli zilizobanana ndani ya mishipa midogo ya ubongo, ambao athari yake mwanasayansi Paul Ehrlich aliishuhudia mwaka 1885, pale rangi aliyoitia katika damu ya wanyama ilipoenea viungoni mwote isipokuwa ubongoni.

Wafasiri huuita kizuizi. Neno hilo halinikinaishi, kwani kizuizi hukataza tu, na ukuta huu hupitisha sukari na oksijeni, ukaikataa sumu. Na hiyo, wallahi, ni kazi ya bawabu. Baada ya kiharusi bawabu huyo hulegea. Basi tabibu humtia mgonjwa dawa iitwayo gadolini mshipani, akampiga picha kwa mashine ya sumaku, na pale dawa ilipovujia ubongoni pakaonekana peupe. Nao weupe huo ni onyo kwamba damu yaweza kumwagika humo, hasahasa akipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Nawasihi waganga na wauguzi wa Lubumbashi wawaelezee jamaa wa mgonjwa habari hii kwa neno bawabu, au kwa neno zamu, yaani mlinzi, ambalo kila mlango wa mji huu unalijua.